Bi Kuku na Kifundo cha Chumvi

Haya, masikio yapo?

— Yapo!

Midomo je?

— Imefungwa!

Ifungueni kidogo basi, mseme: Hadithi, karibu ndani!

— Hadithi, karibu ndani!

Wewe hapo nyuma sijakusikia. Unacheka nini? Sema na wewe.

— Hadithi, karibu ndani!

Sasa imeingia, imekaa. Kaeni na ninyi, nyoosheni miguu, niwasimulie.

Hapo zamani za kale, zamani zile wanyama walipokuwa wakioana kwa harusi za siku tatu na ngoma, alikuwepo Kuku mmoja. Kuku huyu alikuwa mpishi. Si mpishi wa nyumbani kwake tu, hapana, alikuwa mpishi wa shughuli. Ukioza mtoto, unamwita Bi Kuku. Ukivuna ukafanya karamu, unamwita Bi Kuku. Alikuwa akipika wali wa nazi na mbaazi za nazi. Nyama msiniulize. Nyama gani, na waalikwa wote ni wanyama? Tuheshimiane.

Wali wake ulikuwa mtamu, jamani. Kila punje imesimama peke yake, nazi imekolea, na harufu inafika mpaka mtoni kwa Kiboko. Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha makuti tu, mafiga ya kupikia na sufuria mbili kubwa. Bi Kuku alilianza na chungu kimoja chenye ufa mdomoni, akapika, akapika, mpaka jina lake likajulikana pande zote za msitu.

Alikuwa na wafanyakazi watatu.

Wa kwanza alikuwa Kima. Kima alikuwa akikuna nazi na kukamua tui. Alikaa juu ya mbuzi ya kukunia tangu asubuhi, kru, kru, kru, na mdomo wake haukunyamaza.

Wa pili alikuwa Kobe. Kobe aliangalia moto. Kuni zikizidi anavuta, zikipungua anasukuma. Polepole, lakini hasinzii.

Wa tatu alikuwa Nguchiro, yule mnyama mwembamba mwenye mkia mrefu na macho ya haraka haraka. Nguchiro alichambua mchele na kupeleka habari. Ukitaka neno lifike upesi, mpe Nguchiro.

Sasa Bi Kuku alikuwa na sheria zake. Chumvi alikuwa akiifunga kwenye kitambaa, akakivaa kile kifundo shingoni kama mkufu. Chumvi haitiwi ila na yeye. Tena wali ukikauka maji, moto hupunguzwa, sufuria ikafunikwa na makaa yakawekwa juu ya mfuniko, ndiko kuupalia huko. Ukiwahi, wali unakuwa mashendea, laini na majimaji. Ukichelewa, unaungua. Basi na kupalia nako hakukuruhusiwa mpaka aseme yeye.

Kima akinyoosha kidole aonje tui, Bi Kuku anageuka. "Nani kasema?"

Kobe akivuta ukuni mmoja wa zaidi, anageuka. "Nani kasema?"

Nguchiro akifunua mfuniko achungulie. "Nani kasema?"

Wakazoea. Ikawa wanafanya lile waliloambiwa, kisha wanasimama mikono nyuma, wanangoja. Msimdhanie mbaya Bi Kuku. Alikuwa na hofu. Jiko lile alilijenga kwa jasho lake, na kila akilala aliota mtu anasema, "Wali wa Bi Kuku siku hizi haupo."

Basi siku moja Bi Kuku akataga. Akataga yai la kwanza, la pili, la tatu, mpaka yakafika saba. Meupe, mazuri, yamejipanga kwenye kiota kichakani nyuma ya jiko. Mumewe, Jogoo, alifurahi akawika mchana kutwa mpaka majirani wakamwomba apumzike.

Na Bi Kuku alifurahi kuliko yeye. Miaka yote alikuwa akipikia harusi za watoto wa wenzake, na yeye hana hata kifaranga kimoja cha kumfuata nyuma. Usiku alilia kimya kimya, lakini hakumwambia mtu.

Akaingia kiotani, akayafunika kwa mbawa zake. Mnajua kuku huatamia siku ngapi?

— Ishirini na moja!

Ishirini na moja, hesabu nzuri. Na mayai hayataki kitu kingine, yanataka joto tu. Ukiyaacha muda mrefu yanapoa, na yakipoa yanakufa.

Alipokaa tu kidogo, huyo, Nguchiro anakuja mbio.

"Bi Kuku, Bi Kuku! Jikoni kuna neno!"

"Neno gani?"

"Wali umekauka maji. Kobe anauliza, apalie au asipalie?"

Bi Kuku akaruka. Akaenda, akaangalia, akasema palieni. Akarudi. Hajakaa vizuri, huyo tena.

"Bi Kuku, Bi Kuku! Jikoni kuna neno!"

"Neno gani tena?"

"Mbaazi hazina chumvi."

Bi Kuku akaruka. Akaenda, akafungua kifundo chake, akatia chumvi, akafunga. Akarudi. Na bado.

"Bi Kuku, Bi Kuku! Jikoni kuna neno!"

"Haya sema!"

"Kima anauliza, nazi akune tano au sita?"

Ikawa hivyo kila siku. Mguu huu kiotani, mguu huu jikoni. Siku moja Bi Kuku aliporuka kwenda jikoni, Nguchiro hakumfuata. Alibaki nyuma, akayatazama yale mayai. Akayatazama tena. Kisha akalichukua moja, akalitoboa, akalinywa. Akalamba midomo. Lo! Kumbe utamu wote wa dunia ulikuwa kichakani.

Tangu siku ile maneno ya jikoni yakaongezeka. Mengine ya kweli, mengine ya Nguchiro mwenyewe.

Siku ishirini na moja zikafika. Kimya. Ishirini na mbili, kimya. Kiotani yalibaki mayai matatu, yamepoa, viza. Bi Kuku alikaa juu yake siku nne zaidi. Jogoo akaja, akasimama pembeni, akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Mke wangu, inuka. Hayana kitu tena."

"Na manne yamekwenda wapi?"

"Nyoka, labda."

Bi Kuku akainuka. Alihuzunika sana. Siku ile wali aliupika yeye, lakini hakuula.

Miezi ikapita, akataga tena. Mayai sita. Safari hii akasema, "Nimejifunza. Sitainuka." Akawaita wote watatu, akafungua kifundo cha chumvi shingoni, akakiweka kwenye kigogo katikati ya jiko.

"Sikilizeni. Jiko ni lenu. Nyote ni wakubwa. Nyote ni wapishi. Kila mtu afanye kila kitu. Mimi nisiulizwe."

"Chumvi nani atatia?" akauliza Kobe.

"Yeyote!"

"Na kupalia?"

"Yeyote, Kobe, yeyote! Nimechoka kuulizwa."

Akaenda zake kiotani. Siku zilipofika kumi, Twiga akawa anaoza binti yake. Wali ukapandishwa jikoni.

Kima akasema moyoni, "Mimi mkubwa leo." Akatia chumvi.

Akaja Kobe, akauangalia wali. "Hapa kila mtu atadhani mwenzake ametia. Ngoja nitie." Akatia chumvi.

Akaja Nguchiro, akakiona kifundo kiko wazi. Akatia gao moja, kiganja kizima, kwa raha ya kutia tu. Na kupalia je? Kima alisema Kobe atapalia. Kobe alisema Nguchiro ameshapalia. Nguchiro yeye alikuwa amekaa kivulini.

Wali ukapelekwa harusini. Twiga akatia tonge mdomoni. Mnajua shingo ya Twiga ilivyo ndefu. Tonge lile lilishuka safari nzima, na safari nzima uso wa Twiga unakunjamana. Wageni walikunywa maji mpaka mitungi ikakauka. Tena wali wenyewe ulikuwa mbichi kwa juu.

Mama mtu, mke wa Twiga, akaja mwenyewe mpaka kichakani. "Bi Kuku, umeniaibisha mbele ya wakwe. Nilikukosea nini?"

Bi Kuku akaruka kutoka kiotani. "Nilijua!" akapiga kelele. "Nilijua mimi! Nikiondoka siku moja tu, jiko linakufa!" Akakinyakua kifundo chake cha chumvi, akakivaa. Akakaa jikoni siku tatu, asubuhi mpaka jioni, anapika upya, anawapelekea Twiga na wakwe zake, anaomba radhi kwa kila mtu.

Akasamehewa. Lakini aliporudi kichakani, mayai yalikuwa mawili, na ya baridi kama mawe ya mtoni. Hakulia kwa kelele. Aliyafukia yeye mwenyewe, kwa kucha zake.

Haya, tusonge mbele.

Akataga mara ya tatu. Mayai matano. Sasa Bi Kuku akafikiri, akafikiri, mpaka kichwa kikamuuma. Akasema, "Nikishika kila kitu, nakosa watoto. Nikiacha kila kitu, nakosa jina. Nitawagawia kazi. Kila mtu na yake."

Akawaita. "Kima, tui na chumvi ni kazi yako."

Kima akaruka juu kwa furaha.

"Ila kabla hujatia, niulize."

Kima akashuka.

"Kobe, moto na kupalia ni kazi yako. Ila kabla hujapalia au kuepua, niulize. Nguchiro, wewe utaleta maswali na kurudisha majibu."

Nguchiro akainamisha kichwa kwa adabu nyingi. Moyoni alikuwa anacheza ngoma.

Siku zikaenda. Maswali yakaenda na kurudi, yakaenda na kurudi. Yakiwa madogo Bi Kuku alijibu palepale kiotani. Siku ya kumi na nane wakapata kazi ya Pundamilia, sufuria mbili zimejaa. Sufuria moja ikakauka maji. Kobe akamtuma Nguchiro: "Kamuulize, nipalie?"

Nguchiro akaondoka mbio. Lakini alipofika nyuma ya kibanda akapunguza mwendo. Akajilaza juani. Akajikuna. "Swali likichelewa," akasema, "moshi utamwita wenyewe."

Na kweli moshi ukaita. Kwanza mwembamba, kisha mweupe, kisha mweusi. Bi Kuku akauona toka kichakani, akavumilia, akavumilia, akashindwa. Akakimbia mpaka jikoni. Na alichokikuta! Sufuria inaungua, moshi umejaa kibanda kizima, na pembeni yake Kobe amesimama. Vitambaa vya kuepulia anavyo mikononi. Machozi ya moshi yanamtoka. Amesimama tu.

"Kobe! Unaona wali unaungua?"

"Naona, Bi Kuku."

"Na vitambaa unavyo?"

"Ninavyo."

"Sasa kwa nini hukuepua?"

"Ulisema nikuulize. Nimeuliza. Sijajibiwa."

Bi Kuku akachukua kitambaa kimoja. Waliepua sufuria pamoja, wakamwaga wali ulioungua, wakapika mwingine haraka haraka. Aliporudi kichakani alikuta majani makavu, maganda na ute wa yai umekauka. Hata moja halikubaki.

Alikaa chini katikati ya maganda yale, akalia. Safari hii alilia kwa sauti, na Kima na Kobe wakasikia, wakaja. Nguchiro hakuja. Alisema tumbo linamuuma, na nadhani alisema kweli.

Kima alikaa kando yake. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, aliomba ruhusa kabla ya kusema.

"Bi Kuku, nikisema utanifukuza?"

"Sema, baba. Nimebakiwa na nini cha kukufukuzia?"

"Nimekuna nazi kwako miaka sita. Sijawahi kuuonja wali wako jikoni, hata siku moja. Naunusa tu. Ulipotupatia chumvi, ulitutupia wote kama mtu anayetupa mahindi. Ulipotupatia kazi, uliacha 'niulize' mlangoni. Mimi sijui hata kama najua."

Kobe akaongeza, "Mimi najua ukauke vipi ndipo upaliwe. Nimetazama moto wako muda wote. Ila sijui kama naruhusiwa kujua."

Bi Kuku akawatazama wote wawili. Akafuta macho kwa bawa. Akasema, "Twende jikoni."

Akachota kijiko cha mbaazi, akampa Kima. "Onja."

Kima akatazama nyuma, kuona kama anaambiwa mtu mwingine.

"Wewe. Onja."

Akaonja. Akafumba macho. "Chumvi imepungua. Kidogo tu, ncha tatu za vidole."

Bi Kuku akaonja na yeye. Ilikuwa imepungua. Kidogo tu, ncha tatu za vidole. Akabaki na kijiko hewani. Miaka sita mtu anayejua alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, na yeye hakumuuliza hata siku moja. Aliona haya.

Tangu siku ile akawafundisha. Hakuwafundisha kwa kupiga kelele. Alipika Kima, yeye akaketi. Alipalia Kobe, yeye akaketi. Mara mbili wali ukawa mbovu, wakaula wenyewe na hakuna aliyekufa. Mara ya tatu ukawa mzuri.

Mvua za masika zilipokaribia, Bi Kuku akataga mara ya nne. Mayai manne. Na safari hii alijua, kama kila kuku mtu mzima anavyojua mwilini, kwamba ndiyo ya mwisho. Hakutakuwa na mengine.

Akawaita wote watatu. Akavua kile kifundo shingoni, akamvika Kima. "Chumvi na tui ni vyako. Ukisema imetosha, imetosha. Hakuna wa kukuuliza nani kasema."

Kima akakishika kwa mikono miwili.

"Kobe. Moto, kupalia na kuepua ni vyako. Ukiona wa kuepuliwa, epua, hata kama mimi nalala."

"Nimesikia, mama."

"Mkikwama, ulizaneni ninyi kwa ninyi. Mkishindwa wote wawili, ndipo mje kwangu. Na mje wenyewe. Sitaki habari ya kupelekewa."

Nguchiro akasogea mbele. "Na mimi, Bi Kuku? Mimi wa habari?"

"Wewe utachambua mchele."

"Tu?"

"Mchele ukiwa na mawe, harusi imeharibika. Ni kazi kubwa hiyo, usiidharau."

Nguchiro akaondoka amenuna, mkia unaburura.

Bi Kuku akaatamia. Siku ya kwanza alikaa, masikio yakiwa jikoni. Siku ya tano alitaka kuinuka, akajizuia. Siku ya kumi akasikia Kima na Kobe wanabishana kuhusu kuni, akanyoosha shingo. Kisha akasikia wanacheka. Akakaa. Jogoo alimletea maji na wadudu, akasimama mlinzi, ingawa kusema kweli ulinzi wake ulikuwa kuwika tu.

Siku ya ishirini na moja ikaangukia harusi ya Kiboko. Harusi kubwa kuliko zote, mto mzima umealikwa. Jogoo naye akaitwa akawike kufungua ngoma. Bi Kuku akabaki peke yake kichakani.

Na asubuhi ile, chini ya kifua chake, akasikia kitu. Tik. Akatulia. Tik, tik. Kuna aliye ndani anagonga.

Ukiinuka saa hiyo, jamani, vifaranga vibichi, bado vimelowa, baridi ikiviingia, basi. Hakuna kesho.

Na saa hiyo hiyo, huyo, Nguchiro anakuja mbio.

"Bi Kuku, Bi Kuku! Jikoni kuna neno!"

Manyoya ya Bi Kuku yakasimama. "Neno gani?"

"Kima amezidisha chumvi! Wali kama wa Twiga!"

Bi Kuku akainua kifua kidogo. Upepo ukapita chini yake. Tik, ikagonga. Akaketi.

"Chumvi ni ya Kima. Kamwambie Kima."

Nguchiro akaondoka. Hajakawia, huyo tena.

"Bi Kuku, Bi Kuku! Jikoni kuna neno! Moto umeshika makuti, Kobe ameduwaa!"

Jamani. Moto kwenye makuti! Bi Kuku akatazama upande wa jiko. Aliona moshi. Akautazama vizuri. Ulikuwa mweupe na mwembamba, moshi wa mtu anayejua anachofanya.

"Moto ni wa Kobe. Kamwambie Kobe."

Nguchiro akasaga meno. Akaondoka, akarudi mara ya tatu, na safari hii hakupiga kelele. Alikuja polepole, uso wa msiba.

"Bi Kuku, sikutaka kukuambia. Mzee Kiboko amesimama jikoni. Amekasirika. Anasema, mwenye jiko aje mwenyewe. Asipokuja kabla wageni hawajanawa, hapiki tena msitu huu mpaka afe."

Hapo Bi Kuku aliogopa. Jina lake lote, miaka yote, chungu chake chenye ufa. Mguu mmoja ukaanza kunyooka. Tik, chini yake, na sauti ndogo sana, sauti ambayo alikuwa akiingoja maisha yake yote: pii.

Akauliza, "Kima amekuja?"

"Hajaja, lakini..."

"Kobe amekuja?"

"Kobe na mwendo wake ule, Bi Kuku!"

"Tulikubaliana. Wakishindwa, watakuja wenyewe. Hawajaja. Basi hawajashindwa."

Akaketi. Akajitandaza juu ya mayai yake, bawa huku, bawa huku. Alikuwa analia kwa woga, nawaambia kweli, lakini aliketi.

Nguchiro akaona njaa imemzidi akili. Siku ishirini na moja zote hajapata hata yai moja! Akaingiza pua chini ya bawa la Bi Kuku, akanyoosha ulimi.

Bi Kuku akaiona ile pua. Akaona ulimi unavyozunguka, kama unaojua njia. Akaelewa.

"Kumbe nyoka ni wewe!"

Alimdonoa pua. Akamdonoa tena. Mara ya tatu Nguchiro alipiga ukelele uliosikika mpaka harusini, akakimbia bila kuangalia nyuma, akaingia majanini. Mpaka leo ukimwona Nguchiro, anapita chini chini nyasini, pua ameificha. Jikoni hakurudi tena, na mchele ukachambuliwa na wengine.

Jua likapanda, likaanza kuteremka. Bi Kuku hakujua lolote la harusi. Alisikia ngoma. Alisikia vigelegele. Harufu ya wali ikaja kichakani, na haikuwa sawasawa na harufu yake. Nazi ilikuwa nzito zaidi. Akainusa, akajaribu kuisoma, akashindwa.

Mwishowe majani yakasogea. Alikuwa Kima, na nyuma yake Kobe, anahema. Wamekuja wenyewe.

Bi Kuku akashtuka. "Mmeshindwa?"

"Kushindwa nini?" akasema Kima. "Sufuria zimelambwa. Mzee Kiboko ameomba tumpikie na harusi ya mdogo wake. Tumekuletea chakula chako, tukasema hujala tangu asubuhi."

Akamwekea jani la mgomba mbele yake, wali na mbaazi, bado moto. Bi Kuku akadonoa. Wenzake wakasimama, mikono nyuma, kwa mazoea. Akatafuna polepole. Nazi ilizidi kidogo kuliko aliyokuwa akitia yeye. Na chumvi, labda punje moja zaidi. Akainua kichwa kusema.

Chini ya bawa lake kikatoka kichwa kimoja kidogo, kimeshakauka, kinapepesa macho. Kisha cha pili. Kisha cha tatu na cha nne vikasukumana kutokea upande mmoja. Vikaona wali, vikauendea mbio.

Bi Kuku akavitazama. Akamtazama Kima, akamtazama Kobe. Akadonoa mpaka jani likabaki tupu, akalisukuma mbele kwa mdomo.

"Niongezeni," akasema.

Haya, wanangu. Jiko la Bi Kuku lilikua, na vifaranga vyake vilikua, na siku hizi ni Kima anayefundisha wapishi wengine. Somo lake ni hili. Ukimpa mtu kazi, mpe na ruhusa ya kuifanya. Usiwape watu wote kazi moja, maana hapo hakuna mwenyewe. Mfundishe kwanza, mwache akosee mara mbili, kisha kaa chini. Na anayekuletea habari za wenzake kila saa, mwulize kwa nini hawakuja wenyewe.

Hadithi yangu imekula, imeshiba, imenawa mikono. Nani anaisindikiza mlangoni?

— Sisi!

Basi isindikizeni, mkalale.